Nili na Maji ya Kunde

Bwana Tayabali amezilaza mbili juu ya kitambaa cheusi:
saa ile ile, chuma kile kile, kioo kisichokwaruzika,
tofauti uso tu.
Hii, asema, ni rangi ya usiku wa manane.
Na hii ni shampeni.

Shampeni sijaionja. Usiku wa manane naujua,
nimeupanda kwa ngazi mara ngapi pale hotelini
kutafuta waya uliounguzwa
kisa mgeni wa chumba cha kumi na nne anakausha nywele.
Usiku wa manane hauna rangi hii.
Hii ni nili,
ile aliyoitia mama kwenye karai, suuzo la mwisho,
kitone tu, kanzu za Ijumaa zikatoka nyeupe
mpaka macho yakauma.
Na hiyo nyingine, Bwana Tayabali, ni maji ya kunde.

Miaka ishirini na sita nimeishi kwa saa za watu.
Walizivua kando ya bwawa: fundi, niwekee macho,
nami nikaziatamia,
mkononi sina ila kovu la waya wa jiko.
Sasa hoteli imefungwa. Kiinua mgongo kimefika
mgongo umekwisha kupinda.
Bei ya moja ni mabati ya nyumba nzima, na madirisha.
Mwanatumu hakugomba. Alisema tu:
"Nunua. Lakini usije ukaniambia umechelewa."

Swabra, binti yangu, anazipiga picha, anazikuza kwa vidole.
"Ya buluu, baba. Hiyo nyingine ukiivaa
ni kama hujavaa kitu."
Kweli. Imelingana na ngozi, inazama,
akrabu zake zinatembea juu yangu
kama sisimizi wanaojua njia.
Ndivyo nilivyoelezwa Mwanatumu pia, kabla sijamwona:
si mweusi, si mweupe, maji ya kunde,
shangazi akaongeza, "na meno yote anayo."
Nikavaa nili.
Nili inaita. Mtu wa ng'ambo ya barabara
angevuka kuniuliza saa ngapi,
nami, niseme kweli, napenda kuulizwa.

Nikavaa zote mbili, kulia na kushoto,
mtu mzima na ndevu zangu, kama mtoto siku ya Idi.

Hapo stima ikakatika.
Si mtaa mzima; mashine ya kinyozi jirani bado inanguruma.
Bwana Tayabali akamwita mwanawe, mwanawe akampigia fundi,
fundi yuko Watamu, hashiki simu.
"Ngazi ipo?"
Mdomo ulisema kabla yangu.

Swabra anamulika kwa simu. Nafungua kisanduku,
harufu naijua, plastiki iliyoanza kukata tamaa.
Waya mmoja umelegea, ncha imeungua,
naukata, naumenya, naubana kwa bisibisi ya kuazima,
vumbi la chokaa linaninyeshea shingoni.
Taa. Feni. Bwana Tayabali anamshukuru Mungu, kisha mimi.

Nashuka. Natazama mikono.
Kushoto, maji ya kunde, chokaa kwenye kioo,
utando wa buibui umenasa kwenye mbili, yaani saa nane.
Kulia hakuna kitu.
Nili imo mfukoni, imeviringwa leso,
wala sikumbuki nilivyoivua.

Kipi kinachopendwa: kilichofichwa vumbi
au kilichoachwa kwenye vumbi?
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wa leso hata jembe sikumwonyesha.
Nafungua. Bado nzuri, nili ya watu.
Nairudisha juu ya kitambaa cheusi taratibu,
naipangusa kidogo, isije ikajua.

"Hii niliyovaa," namwambia. "Usiifunge."
Amenipunguzia bei ya dirisha moja.

Toka dukani hadi nyumbani hakuna aliyeniuliza saa.
Mwanatumu kaushika mkono wangu mlangoni,
kaugeuza, kaugeuza tena.
"Kwani hukununua?"