Kanda za Daktari Verebes

Kwa miaka ishirini na sita nilimpigia chapa,
na mwanzoni nilidhani nimeajiriwa kwa mkosi:
kila nilipofika pale aliposema
"sasa unashuka ngazi, kumi, tisa, nane,"
kichwa kiliniangukia taipureta
na karatasi ikaishia saba.
Saba, na herufi k kumi na nne mfululizo.

Hakunikaripia. Alicheka mpaka miwani ikamtoka.
"Etelka, wewe ndiwe ushahidi wangu wa kwanza,
na siwezi kukutumia, maana nakulipa mshahara."

Hiyo ilikuwa Szeged, jengo la manjano nyuma ya kituo cha tramu,
wodi ya tatu, madirisha yasiyofunguka zaidi ya upana wa kiganja.
Asubuhi alipita kitanda kwa kitanda.
Hakuuliza mtu ameamkaje. Aliuliza,
"Jana usiku, saa ipi ilikuwa ndefu kuliko zote?"
Wakamjibu, hata yule mama wa Makó
ambaye hakuwa amesema na mtu tangu mavuno ya vitunguu.
"Saa tisa."
Daktari akaandika saa tisa,
na usiku ule, saa tisa, alikuwa pale na kiti chake,
anamenya tofaa.

Mchana, chumba kidogo, pazia la kijani,
kinasa sauti kikikoroma.
Hakuwa na saa ya mnyororo ya kuning'iniza mbele ya macho ya watu;
wageni waliitafuta mezani wakakuta kopo la penseli.
Alikuwa na sauti tu,
sauti ya mtu anayekuwekea mto vizuri bila kukuamsha.

Dezső wa reli, mkono wake wa kushoto ulibaki chini ya behewa
mwaka wa theluji nyingi,
na bado ulimuuma: vidole visivyokuwepo
vimekunja ngumi, kucha zimezama kiganjani.
Kanda ile niliichapa nimesimama, nisije nikalala.
Fungua kidole gumba, anasema Daktari.
Kimya.
Sasa cha shahada.
Kimya, na tramu inapita nje,
halafu mwanamume mzima analia kidogo kidogo
kama bomba lisilofungwa vizuri.
"Kuna upepo," anasema. "Kiganjani kuna upepo."

Mimi ningeishia hapo. Yeye hakuishia.
Aliogopa kuamini kitu kwa kuwa tu ni kizuri.
Akawagawa wagonjwa themanini na wanne kwa kura:
nusu walishushwa ngazi, nusu walikaa naye tu
wakiongea habari za kuku, za supu, za wakwe.
Miaka sita. Nilichapa desimali hadi nikaziota.
Na mwisho wa hesabu tofauti ilikuwa ndogo,
ndogo kama mkwaruzo wa kijiko.

Profesa akamshauri awaondoe wale kumi na mmoja
waliokata tamaa wakaacha kuja; hesabu ingenona.
Nilikuwa mlangoni na chai.
"Mficha uchi hazai, Profesa," akasema.
"Hao kumi na mmoja ndio nisiowajua."
Wamo wote, ukurasa wa nne, nimewachapa mwenyewe.
Jarida kubwa likakataa. Dogo likachukua.
Mtu mmoja wa Turku aliandika kushukuru, kwa penseli.

Nilimuuliza kama amevunjika moyo.
"Kukaa na mtu," akasema, "kumesaidia karibu sawa na ngazi zangu.
Hiyo ni habari mbaya kwa nani?"

Sasa nina miaka sabini na tisa, na usingizi umenihama.
Saa yangu ndefu ni saa kumi.
Hakuna anayeniuliza, kwa hiyo naiandika hapa.
Mpwa wake aliniachia kanda moja kabla ya kuuza nyumba.
Naiweka. Sauti inakuja, tramu za zamani nyuma yake,
kumi, tisa, nane.

Kwa kuchapa, najua ngazi zinafika moja.
Kwa kulala, sijawahi kuvuka saba.