Kikombe cha Msumarini

Baba aliniachia mkahawa pale Shela, Malindi:
meza sita, birika mbili, deni la sukari,
na msumari nje, kwenye nguzo ya mlango,
uliotundikwa kikombe cha bati
chenye ua la buluu lililobanduka nusu.

Hicho hakikuingia ndani kamwe.
Kilikuwa cha Mbeyu na wa mfano wake,
wanaotoka Ganda na nazi kichwani,
wenye koma nyumbani
na harufu ya tembo, siku nyingine, mdomoni.
Baba alimimina chai kutoka juu
mdomo wa birika usije ukagusa ukingo.
Na mbaazi zilizokuwa zikitokota jikoni,
tui lake lilitoka kwenye nazi za Mbeyu.
Hilo halikuwa na swali.

Mwezi uliopita umekuja mswada.
Kijana wa kaunti alipita akigawa karatasi:
Uhuru wa Dhamiri katika Biashara.
Kifungu cha saba: mwenye duka
hatalazimishwa kumhudumia mtu
ikiwa dini ya mwenye duka haikuridhia.
Nikasoma mara tatu.
Kumbe ni kikombe cha baba,
kimepigwa muhuri.

Ukumbini, feni moja, na hiyo inazunguka ikipenda.
Ustadhi Famau aliunga mkono.
Mchungaji Baya aliunga mkono,
na hao wawili hata Idi hawapeani mkono.
Mwenye gesti ya Maweni akataka cheti cha ndoa
kabla ya kutoa ufunguo.
Mwenye saluni akasema hasuki kichwa
ambacho chini yake pana hirizi.
Makofi.
Kila aliyesimama alijiona nyuma ya kaunta.
Hakuna aliyejiona mlangoni.

"Mahfudha binti Shekue. Dakika mbili."

Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, juu ya msala:
dini yangu imenifunza kuosha chombo,
haikunifunza kukitundika nje.
Nikakohoa. Maneno yakarudi yalikotoka.
Nilimwona baba, Mungu amrehemu,
hakuwa mtu mbaya, alilipia watu jeneza,
alimpa Mbeyu unga mwaka wa ukame,
ila chai, chai alimimina kutoka juu.
Nikafungua mkoba, nikakiweka kikombe mezani.

Karani akakigeuza, akachungulia ndani.
"Mama, hiki ni cha nini?"
Kisha, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, akaandika:
Namba arubaini na moja. Kikombe, bati, kimoja.
Hakina maelezo.

Kesho yake Mbeyu akatua mzigo wake,
akanyoosha mkono nguzoni bila kutazama,
kama mtu anayewasha taa ya chumbani kwake.
Mkono ukakuta msumari.
"Kikombe changu ki wapi?"

Changu.
Miaka thelathini na mitatu, sikuwahi kulisikia neno hilo.

"Kimeenda serikalini."
"Kwani kimefanya nini?"

Nikamtolea gilasi ya kabatini,
nikamvutia na kiti, kile kinachotazama barabara.
Kiti hakukiona, au hakutaka kukiona.
Gilasi aliishika kwa ncha za vidole
kama mali ya mtu, akanywa wima,
na chai ilikuwa moto, najua ilimchoma.
Alipomaliza aliisuuza mwenyewe kwenye ndoo,
akaikung'uta maji,
akainua macho nguzoni,
akabaki nayo mkononi.