Daftari la Misumari

Kampala walinitundikia picha kumi na nne
kwenye ukuta mweupe kama shuka la hospitali.
Wageni wakapita na bilauri zao, wakainamisha shingo;
mmoja akaniuliza choo kiko wapi.
Nikarudi Arua kwa basi la usiku,
picha kumi na nne ndani ya blanketi,
na pale Pakwach, darajani,
kondakta akanidai nauli ya mzigo.

Sikulia. Nilikuwa na njaa tu.
Mama Mastura wa Oli, muuza mukene,
ndiye aliyeniambia, hebu fungua hilo blanketi.
Akazitazama anavyotazama samaki,
kwanza jicho, halafu tumbo.
Akagusa moja.
"Mwanamke huyu kabeba kuni kichwani,
lakini shingo yake haina habari.
Wewe umewahi kubeba kuni?"

Sijawahi.

Kesho yake nikabeba, kutoka bonde la Enyau hadi sokoni,
watoto nyuma yangu wakicheka,
na shingo ikanifundisha asubuhi moja
somo ambalo chuo hakikuligusa miaka mitatu.
Nikaichora upya. Akainunua,
elfu thelathini, kidogo kidogo:
elfu mbili leo, elfu moja Ijumaa,
wiki nyingine kikombe cha mukene na neno la pole.

Hapo ndipo nilipoanza daftari,
la kurasa tisini na sita, jedwali la kuzidisha nyuma yake.
Siandiki bei tu. Naandika msumari:
uko ukuta gani, unatazama mlango au kitanda,
nani aliupigilia, na je, alijigonga kidole?
Onzima fundi baiskeli: juu ya redio, inchi tatu, umepinda.
Candiru mkunga: chumba cha kujifungulia,
ili mama apate pa kukazia macho.
Mzee Anguyo: haijatundikwa. Iko chini ya godoro.
Anasema ni vumbi. Nadhani ni mkewe.

Nazitembelea. Ndiyo, picha zangu nazitembelea
kama mtu aliyeoza mabinti.
Nabisha hodi, nanywa chai, nauliza mvua imepenya wapi,
palipobanduka napapaka bure,
wala siondoki kabla ya kusikia habari za nyumba.
Jirani anachungulia dirishani: "Na sisi je?"
Rafiki yangu mwenye simu kubwa hunicheka,
yeye wanaomfuata ni maelfu.
Namuuliza, yupi kati yao anafuga paka?
Hajui.
Paka wa Onzima anaitwa Waziri.

Mwezi wa Shaabani Mama Mastura akatutoka.
Nilikaa matangani siku tatu, deni sikulitaja.
Hata daftarini sikulifuta wala kulikata,
niliuacha mstari ulivyo:
zimebaki elfu nne.

Arobaini ilipopita, Kemisi mwanawe akaja karakana,
bado ananukia chumvi ya sokoni,
akaweka mezani noti nne za elfu moja, zimenyooshwa.
"Aliziacha ndani ya kopo. Alisema ni zako."
Nikazisukuma. Akazirudisha.
Nikazisukuma tena, akaziwekea brashi juu zisipeperuke.
Kisha akasita mlangoni.
"Watu wanasema una daftari. Yumo?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamsomea:
Mastura binti Fadimulla. Ukuta wa mashariki.
Msumari kaupigilia mwenyewe, kwa jiwe la kusagia.
Anasema shingo sasa imekubali.
Anasema mguu wa kushoto bado unadanganya,
nisijione nimemaliza.

Kemisi akacheka, kicheko kikamkwama njiani.
Akavuta kigoda, akaketi.
"Soma tena," akasema. "Hapo kwenye mguu."