Chaki ya Mbaruku

Ubao aliutoa chekechea ilipofungwa,
Mbaruku Shekue, muuza kahawa wa Barabara ya Kumi na Tano,
akaupigilia ukutani, akaandika majina yetu
kwa mwandiko wa kulala, na juu yake:
*Atakayemjibu mwenzie jibu likamfaa, mstari mmoja.
Mwenye mingi mwisho wa mwezi, kahawa bure na kashata.*

Tulicheka. Watu wazima na chaki!
Lakini kesho yake niliamka mapema.

Nisiseme uongo, mwanzoni ule ubao ulitujenga.
Baraza la mpira na kusengenya
likawa la watu wanaoulizana:
mnyororo unaoruka meno dawa yake nini,
barua ya kiwanja inapelekwa dirisha lipi,
tui likikatika, mboga inaokoka?

Na Nuhu wa Pongwe, kijana wa viraka,
miezi minane alikaa nasi tukidhani hasemi,
siku hiyo akafungua kinywa:
tundu la tairi, kama huna maji ya kuzamisha,
"we-weka sh-shavu.
Shavu linausikia upepo kuliko vidole."

Kimya. Kisha Mbaruku akachora.
Mstari mmoja, mweupe, umepinda kidogo.
Nuhu akautazama kama mtu aliyeona jina lake
kwenye orodha ya waliofaulu.
Kesho yake alikuja na swali.
Keshokutwa, na majibu mawili.

Sifa ni maji: mche unayanywa,
na ukuta wa udongo unayanywa pia.

Mimi ndiye ukuta.
Mimi mchomeleaji, nijuaye chuma tu,
nilipofika mistari ishirini nikawa naihesabu kitandani.
Swali halijamtoka mtu mdomoni, jibu langu limeshakaa.
Nikajua maswali gani yana chaki:
mepesi, yenye vichwa vingi vya kutikisika.
Magumu nikawaachia wasio na haraka.
Mimi na Chambuso tukawa na yetu, nichore nikuchore.
Akisema Pangani iko kaskazini,
mimi: kweli kabisa, mchoreni huyo.

Saumu Kiondo, fundi majiko, alikuwa na minne.
Maana yeye ukimuuliza, anakuuliza:
Moto wake rangi gani?
Unazima ghafla, au unasinzia kwanza?
Na mara nyingi humalizia: "Sijui. Kiache, nitakiangalia."

*Sijui* haikuwa na chaki.

Ndipo akaja Mwanamkasi, cherehani kichwani,
sare thelathini na sita za watoto wa Chumbageni,
za Jumatatu, na uzi unakatika kila shubiri.
Hajaketi, nikasema:
"Kaza skrubu ya chini. Zungusha mpaka igome."
Wakapiga makofi. Mstari wa thelathini na moja.

Akazungusha. Ikagoma kweli.
Kisha ikakatika shingo.

Usiku nilipita uani kwa Saumu.
Mwanamkasi kashika tochi ya simu,
Saumu kalala ubavu chini ya meza,
skrubu za majiko kinywani,
anaijaribu moja moja mahali pa skrubu yangu.
Ubao haukuwapo. Wa kupiga makofi hakuwapo.
Nilikuwapo mimi, nyuma ya makuti,
mpaka saa nane, cherehani ilipoanza kulia tena.

Asubuhi nikafuta jina langu kwa kiganja.
"Umesusa?" Mbaruku akauliza.
Nikamwambia chaki inanipa mafua.
Kisha nikamchorea Saumu mistari, sikuhesabu mingapi.
Akaja, akaiona, akaagiza kahawa,
akalipa.

Ubao bado upo. Chambuso anaongoza.

Juzi Nuhu kaniletea baiskeli, tandiko limeachia.
Nimeligeuza: chini yake, kwenye bati,
kakwaruza kwa msumari
mstari mmoja, umepinda kidogo.

Nimechomelea pembeni,
polepole,
moto usiufikie.