Yasiyoingia Katika Muhtasari

Mimi ndiye karani. Huandika nani kasema,
nani kaunga mkono, saa ngapi tumefunga.
Miaka kumi na tisa
kalamu yangu haijawahi hata kukohoa.

Jumanne ile ukumbi wa zimamoto ulifurika,
makoti yakidondosha theluji juu ya viti vya chuma,
kahawa ikiungulia birikani, kama kila Machi hapa Maine.
Hoja ya saba: njia ya miguu, Barabara ya Kinu,
kutoka kanisani hadi lango la shule,
watoto wasigombee lami na malori ya magogo.

Akasimama Odell Thibodeau, kofia mkononi.
"Sisi tulitembea. Theluji ikitufika magotini.
Hakuna aliyetujengea kitu, na tupo."
Tupo. Nikaandika *tupo*.
Sikuandika kwamba nduguye, Réal, hayupo,
wala kwamba ukumbi mzima uliinama
kuitazama sakafu, na Odell mwenyewe
akaketi polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.

Kisha hoja ikapigwa danadana.
Maji ya mvua yataelekea wapi?
Nani ataikwangua barafu?
Basi la shule lilifutwa kwa nini, na aliyelifuta si yuko hapa?
(Yuko. Alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.)
Mhandisi akataja dola laki nne na thelathini elfu,
mtu akapiga mluzi,
Ouellette akauliza kama saruji hiyo itachanganywa na siagi.

Ndipo Junie Cyr, darasa la tatu,
akanyoosha kidole kana kwamba yuko shuleni.
"Nimepima. Kutoka mstari mweupe hadi mtaroni
ni viatu vyangu viwili na nusu.
Wakishasukuma theluji pembeni, hakuna kitu."
"Viatu vya ukubwa gani?" mwenyekiti akauliza, watu wakacheka.
Akavua buti lake, akaja mbele akiruka kwa mguu mmoja,
akaliweka juu ya karatasi yangu.
Ukurasa wa nne una doa la duara.
Wanaouliza, ndilo hilo.

Sitini na moja, hamsini na nane. Imepita,
pamoja na marekebisho: *hadi fedha zitakapokomea.*
Fedha zikakomea nyumba nambari arobaini na tatu.

Arobaini na tatu ni kwangu.

Au niseme ukweli: fedha hazikukoma.
Mhandisi alinipigia simu mara mbili.
"Mama Pelkey, tupatie futi sita, pale penye ua wa lilaki,
bila fidia, na tutafika shuleni."
Ua ule aliupanda mama yangu
majira yale baba aliporudi kutoka kinuni
na vidole sita.
Nikasema nitafikiri.
Muhtasari hauna safu ya *atafikiri*;
nikaandika: *hakuna jingine.*
Jamvi likakunjwa saa tatu na dakika kumi.

Sasa ni Septemba. Saruji bado nyeupe.
Saa moja na dakika arobaini asubuhi
nawasikia kabla sijawaona,
wakibishana juu ya mbwa wa nani ana akili,
nani kameza jino, nani hakumeza,
hadi mbele ya lango langu,
ambapo njia inakatika.
Hapo hushuka mmoja mmoja,
hujipanga mstari,
na hunyamaza.

Wananyamaza ili wasikie malori.

Nimeosha vikombe katika kimya hicho wiki tatu.
Kuna siku niliwasha redio.

Leo nimetoka na ndara zangu za jikoni,
nikasimama kwenye mstari mweupe,
nikaanza, kisigino kwa ncha,
dereva mmoja akinipigia honi kama mwendawazimu.
Miguu yangu ni mikubwa kuliko ya Junie.
Viwili kasoro, kisha mtaro.
Kisha lilaki, zimekauka maua, majani yana vumbi la unga.

Msumeno uko bandani.
Sijasema nimeukata ua.
Nasema nimetoka, nimepima,
na hili naliandika kwa mkono wangu mwenyewe.