Taa ya Manjano

Bi Time, boneti iko wazi tangu alfajiri
na bado sijaona pa kutia mkono.
Injini imefunikwa kwa plastiki nyeusi
kama kawa juu ya chakula
ambacho mgeni hatakiwi kukiona.

Lori la Mbarouk Shehe, Mungu alirehemu,
lilikuwa na maneno.
Likikohoa, najua kabureta ina uchafu.
Likipiga mluzi, mkanda umelegea.
Lilikuwa likifika Gombani, nami hapa Machomanne
nimeshashika spana namba kumi na tatu.

Hii yako imefundishwa adabu, hainung'uniki.
Inawasha kipicha tu, cha manjano, kidogo kama ukucha,
na nailoni ya dukani ingali vitini.

"Taa tu hiyo, Ami," kaniambia Nassor.
"Ukizima ukawasha, inaondoka."
Ndiyo. Hata mtoto hunyamaza
ukimtia kitambaa mdomoni.

Na miye nilimtia.
Mara mbili, Bi Time. Nilichomoa waya wa betri,
nikahesabu mpaka mia, nikarudisha.
Dashibodi ikawa safi.
Ukanipa elfu tano, nikanunua changu wawili
na nikawala kwa raha.

Jumatatu, kilima cha Mgagadu, saa kumi na moja jioni.
Wachumaji kumi na wanne juu ya magunia,
vidole vyeusi, wanabishana nani kachuma pishi ngapi.
Injini ikazimika katikati ya mpando.
Haikukohoa. Haikuaga.
Usukani ukawa mzito kama kinu,
breki Nassor aliikanyaga, ikamjibu kama jiwe.
Gari mpya, ya bei ya misimu mitatu ya mashamba mawili,
ikaanza kurudi kinyumenyume,
polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Mgeni Kombo ndiye aliyeruka.
Alikuwa na pishi yake ya bati mkononi,
hakuwa na kingine, akaisukuma chini ya tairi.
Ikabondeka.
Akapata jiwe. Akapata jengine.
Wenziwe wakashuka, mmoja mmoja, hakuna aliyesema neno.
Karafuu zilimwagika lami nzima;
mpaka leo ukipita pale pananukia.

Kijana wa kampuni kavuka kutoka Unguja na kompyuta yake,
shati jeupe, limerudi kwao bila doa.
Akachomeka waya chini ya usukani, akasoma, akaandika:
hakuna hitilafu.
Akasema labda ni mafuta ya kwetu. Labda dereva.
Labda mlima.
Nikamuuliza, na nyinyi gari hii mliitengeneza
kwa kisiwa gani kisichokuwa na mlima?
Akatazama saa. Boti yake ilikuwa inaondoka.

Sasa umeniletea karatasi,
niandike "nzima", nitie na saini,
maana karafuu mbichi haisubiri,
ikilala guniani inavunda.
Najua. Miye pia nina mikarafuu sita, na deni
linaloizidi mikarafuu yenyewe.
Na najua jana ulikaa peke yako ndani ya gari,
mlango umefunga, unaufuta usukani kwa mtandio.
Nilikuona. Nikajifanya natafuta nati.

Sijui inaumwa nini.
Miaka thelathini na moja nimelala chini ya magari
na neno hilo sijapata kuliandika:
sijui.
Nimeliandika. Hati yangu mbaya, lakini inasomeka.
Magunia, pakia ukitaka. Watu, la.
Na Nassor, Bi Time, naye ni mtu.

Ufunguo uko juu ya benchi, sikufichi, ni mali yako.
Nimeutia ndani ya pishi ya Mgeni,
katika ule upenyo uliobakia.
Ingiza vidole taratibu.
Bati limefanya makali.