Firigisi

Mvinje umesimama ndooni, mchanga hadi shingoni,
pamba ya duka la dawa matawini:
theluji ya Ngamiani, inanuka spiriti.

Mama anachambua mchele.
Sufuria kubwa ya Bi Mwanahawa imeshafika tangu jana,
jina lake limekwanguliwa kitakoni kwa msumari.
"Peleka jogoo," anasema,
kana kwamba kila mwaka mpelekaji ni mimi.

Navuka Barabara ya Kumi na Nne, jogoo kwapani,
moyo wake unagonga mbavu zangu.
Mzee Shekue ananoa kisu,
ananitazama miguuni: makubazi ya baba.
"Yamekutosha," anasema.
Kisha anaelekea kibla, bismillahi,
ili pilau yetu iliwe mtaa mzima.

Saa nane wajukuu zake wanagombea ukoko jikoni kwetu.
Eustazia kashuka basi la Korogwe, misa imempita,
anacheka, analia, anaomba pilipili.

Mama anapitisha upawa, anatafuta, anatafuta.
Firigisi.
Miaka yote haikuwa na mjadala,
ilijua sahani yake.
Anaiweka kiganjani,
anaikata vipande sita.

Tunatafuna polepole
kitu kidogo namna hii.